Uyoga wa Fisi

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanaapa na kuaminiana viapo, jua liliikalia nchi ya Nguyami likakataa kuondoka. Mto ukakauka, ukabaki mchanga wa kuunguza kwato. Maji yalikuwepo, lakini chini kabisa ndani ya mchanga, na aliyejua kuyafikia alikuwa mmoja tu, Ngiri. Kila alfajiri Ngiri alipiga magoti akachimba kwa meno yake marefu, maji yakajaa kisimani, watu wakanywa. Kila jioni mchanga uliporomoka, kisima kikafukiwa, na kesho yake Ngiri akaanza upya.

Tabu ilikuwa kwamba anayekunywa maji huinamisha kichwa, na aliyeinamisha kichwa haoni nyuma. Simba alilijua hilo, na Fisi alilijua zaidi. Wenye kwato walikuja kisimani wengi wakarudi pungufu. Siku aliposhikwa dada yake, Ngiri hakulia. Alijipangusa mchanga puani akasema anahama.

"Naenda ng'ambo ya vilima," alisema. "Huko nako kuna mchanga."

Wote wakaanza kujiandaa kumfuata, isipokuwa Mama Sikitu. Huyu alikuwa Digidigi, mdogo kuliko wenye kwato wote, na binti yake Sikitu alikuwa amechomwa na mwiba. Mguu ulikuwa umevimba hata mtoto hawezi kujikokota kutoka juani hadi kivulini. Mama Sikitu alimkimbilia Ngiri akamsimamisha njiani.

"Kaka Ngiri, ukiondoka mwanangu atakufa kwa kiu. Kumbeba siwezi, na kumwacha siwezi."

"Nikibaki, dada yangu, nitakuwa nawachimbia maji wanaotula."

"Basi waambie wasitule."

Ngiri akacheka kwa uchungu. Halafu akaacha kucheka, maana aliliona jambo lenyewe. Simba naye anakunywa maji, na Simba hana meno ya kuchimbia mchanga. Akageuza njia, akaenda hadi kwenye mwamba wa Simba, akasimama mbali kidogo kama adabu na akili zinavyotaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akaitikia Simba, akimwangalia mapajani. "Umenona."

"Nimekuja na neno moja, Mzee. Nitachimba kisima mpaka mvua inyeshe. Lakini mpaka mvua inyeshe, hakuna kula nyama, si wewe, si Fisi, si yeyote mwenye meno ya kuraruria. Nikisikia kuna mtu ameliwa, naondoka saa hiyo hiyo."

"Na mimi nile nini?"

"Tunachokula sisi."

Simba aliyatazama majani makavu ya pale chini kama mtu aliyepewa nguo ya kuazima yenye viraka. Njaa haikuwa shida yake kubwa. Shida yake ilikuwa sifa.

"Ngiri, mimi nina jina," akasema. "Simba akionekana anatafuna majani, ni nani tena atakayemwogopa?"

Sasa nyuma ya mwamba alikuwepo Sungura, amejibanza, anasikiliza yasiyomhusu. Ingawa haya yalimhusu sana, kwa kuwa yeye naye ni nyama, tena nyama laini. Akajitokeza akiwa amejaa heshima.

"Mzee, nani kasema utatafuna majani? Nipe mimi kazi ya jikoni. Nitakupikia nyama isiyo nyama. Utakula paja, utakula ini, utakunywa na damu, na hakuna mtu atakayekosekana nyumbani kwake."

Simba akanguruma kidogo, akafikiri, akakubali, kwa sababu koo lilikuwa limemkauka. Wenye meno wote wakaenda kisimani wakalamba mchanga na kula kiapo, nacho kikawa kitu cha kwanza kisicho nyama kuingia tumboni mwao. Fisi aliapa mara mbili bila kuombwa. Mama Sikitu alirudi kwa mwanawe mbio, akamwambia asiogope tena, maji yapo na amani ipo.

*

Sungura alikuwa na ghala lake, na hatutamuuliza ni mashamba ya nani aliyoyapitia mpaka likajaa. Alizichemsha kunde, akazitwanga, akazifinyanga kwenye kipande cha mua mpaka zikawa na umbo la paja, mua ukiwa ndio mfupa. Akalichoma paja lile juu ya makaa, na ufuta aliolipaka ukawa unadondosha mafuta motoni. Biringanya alilibanika mpaka likalegea na kuwa jeusi, likawa ini. Maua mekundu ya choya aliyaloweka, maji yake yakawa damu. Kwa Fisi, ambaye hawezi kupata usingizi bila kuvunja kitu mdomoni, alisindilia karanga zilizosagwa ndani ya mwanzi, ili apasue mwanzi na kufyonza uboho.

Simba akaonja lile paja. Akatafuna. Akafumba macho.

"Paja la nani hili?"

"La Kunde, Mzee."

"Simfahamu. Alikuwa mnyama mkubwa?"

"Walikuwa wadogo wadogo, Mzee, ila walikuwa wengi."

"Wote wamekwisha?"

"Wote, Mzee. Hakuna aliyepona."

Simba akaridhika, akalala. Lakini baada ya siku chache akaanza manung'uniko. Nyama isiyokimbia, alisema, si nyama, ni mabaki. Mtu mwenye hadhi yake hawezi kuletewa chakula kilicholala. Sungura akakuna sikio, kisha akatafuta mung'unye mkubwa wenye shingo ndefu, akaufunga ukambaa, akawa anaukokota katikati ya nyasi huku anapiga mbio. Simba alinyata, akatambaa, akaruka, akaung'ata mung'unye shingoni na kuutikisa mpaka mbegu zikatawanyika. Wake zake wakapiga vigelegele. Jioni ile nchi nzima ilisikia ngurumo zake, na wenye kwato wakaambiana kwamba leo mung'unye ulikimbia vizuri.

Aliyewashangaza watu wote ni Fisi. Mlafi yule, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa hageuzi mgongo akiwa naye, aligeuka kuwa muumini wa mboga kuliko waliozaliwa nazo. Alipita nyumba hadi nyumba akihubiri. Alijitia majani ya mchicha masikioni. Akimkuta Tai anautazama mfupa wa zamani, alimkemea mbele ya watoto wake.

"Aibu, ndugu yangu! Kitu kilichokuwa na mama! Mimi nikiona mfupa sasa hivi nasikia kichefuchefu."

"Pole," Tai alimjibu. "Mbona udenda unakutoka?"

"Ni kichefuchefu hicho."

Wengine walicheka, ila Simba alipenda kuona kuna mtu anayeifanya dhiki ya mfalme ionekane fahari. Akamteua Fisi kuwa Msimamizi wa Mboga. Sungura alikuwa amelima bustani kando ya kisima, ya kunde na mchicha na mabiringanya, inywe maji yanayomwagika. Kazi ya Fisi ikawa kuilinda bustani ile dhidi ya wezi.

Na wezi walikuwa akina nani? Walikuwa Swala, Pundamilia, Nyumbu, na Mama Sikitu. Majani ya porini yalikuwa yameungua na jua, na kila kilichobaki kibichi Nguyami nzima kilikwenda jikoni kwa Simba, kwa sababu paja moja la kunde lilikula shamba zima. Swala mmoja alipokutwa na jani la kunde mdomoni, Fisi alimzomea mpaka akalitema.

"Huna huruma wewe? Hiyo ni nyama ya Mzee!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Zamani wala nyama waliwala wala majani. Sasa wala nyama walikuwa wanakula majani, na wala majani wakawa hawana cha kula. Mama Sikitu alikonda mpaka mbavu zikaonekana, maziwa yakamkauka, na Sikitu akawa ananyonya huku analia. Maji walikuwa nayo. Kitu cha kuyasindikiza ndicho hakikuwepo.

*

Katika nchi ile ya watu waliokonda, Fisi alikuwa ananenepa.

"Ni mboga hizi," aliwaambia watu akijipigapiga tumboni. "Mtu akizila kwa moyo safi, zinamjenga. Ninyi mnazila kwa mazoea tu."

Wakati huo huo Kanga wakaanza kupungua. Walikuwa ukoo mkubwa wenye kelele, kila asubuhi wakipita kandokando ya bustani wakipekua mchanga. Siku hizi kelele zao zilikuwa zimepoa, na asubuhi moja hazikusikika kabisa. Mama Sikitu aliuliza. Fisi akamjibu kwamba Kanga wamehamia kwa ndugu zao, tena walimuaga yeye mwenyewe, wakamwachia salamu.

Simba naye akaanza kurudisha chakula cha Sungura bila kukigusa. Mung'unye ukikokotwa mbele yake, aliutazama tu ukipita. Alikuwa amepata mpishi mwingine. Kila siku, jua linapokaribia kuchwa, Fisi alimpelekea furushi lililofungwa kwa majani mapana, na Simba alikuwa anakula akiwa ameupa umma mgongo.

"Huyu Fisi ana uyoga wake," Simba alimwambia Sungura. "Anauchuma mwenyewe nyuma ya kilima. Huo ndio upishi! Una utamu, una nyuzi, una... una moyo. Wewe kunde zako zinanijaza gesi."

"Nashukuru umepata unachokipenda, Mzee," alisema Sungura. "Uyoga katika ukame huu ni bahati kubwa."

"Ni bahati," alisema Simba, na hakumtazama usoni.

Sungura alirudi jikoni akakaa juu ya kinu. Uyoga hauoti bila mvua; hilo hata mtoto analijua. Simba pia analijua. Lakini mtu mzima akiamua kutokujua, nani atamfundisha?

Jioni ile ile Mama Sikitu alimjia pale jikoni. 

"Fisi amekuja kwangu," alisema. "Anasema ana nyasi laini nyuma ya kilima, karibu na huo uyoga wake. Anasema kesho, watu wakishakunywa maji, atakuja kumbeba Sikitu ampeleke huko akamlishe mpaka apone. Ameniita shemeji."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nitafikiri. Amesema kwani Msimamizi wa Mboga anaombwa ruhusa?" Akainama. "Sungura, mimi si mjinga. Najua Kanga hawakuhama. Lakini nikimwambia Ngiri, Ngiri anaondoka saa hiyo hiyo, alishasema. Maji yakiondoka, mwanangu anakufa. Nikinyamaza, kesho anabebwa. Nakuuliza wewe unayesifiwa akili, nichague kifo gani?"

Sungura alikuwa na jibu la mzaha kwa kila jambo duniani. Kwa hili aliona haya tu. Ni yeye aliyeigeuza amani kuwa mchezo wa mapishi, akawapa wenye meno kila walichotamani, ili mradi jina libaki la nyama. Hawakuwa wamejifunza kuacha kitu chochote.

"Usichague," alisema mwishowe. "Kesho asubuhi mlete Sikitu kisimani, mbele za watu wote. Mburute ukishindwa kumbeba. Na usiseme neno."

Alipoondoka, Sungura alikwenda moja kwa moja kwa Simba kumpelekea shauri. Bustani imechoka, alieleza, udongo umekwisha nguvu, unataka samadi. Na bustani ya wala mboga inastahili samadi ya wala mboga. Kesho asubuhi kila aliyekula kiapo alete yake mwenyewe, iliyo ya siku hizi, na atakayeleta nyingi kuliko wote atapewa cheo cha Mkuu wa Bustani, juu ya Msimamizi.

Simba aliona hilo ni jambo la chini kidogo. Ila akakumbuka kwamba hakuna mnyama Nguyami mwenye tumbo kubwa kama lake.

"Na yangu itakuwepo," akasema. "Watu waone. Fisi ataibeba."

*

Fisi wana desturi yao. Hawaendi haja ovyoovyo kama wengine. Wana mahali pamoja mpakani, na hapo huenda miaka yote, kila mmoja akijivunia lundo lake. Fisi aliposikia kuna cheo alikimbia huko akacheka kicheko kile chake, kwa sababu katika mambo yote ya dunia, hili ndilo alilokuwa amejiandaa nalo.

Asubuhi umma ulikusanyika kisimani. Ngiri alikuwa ameshamaliza kuchimba, magoti yamejaa mchanga mbichi. Simba aliketi juu ya jiwe. Mama Sikitu alikuwepo, amemlaza mwanawe kivulini mwa miguu ya Pundamilia. Wakaanza kuleta mmoja mmoja. Chui alimwaga yake, ya kijani, ina mbegu za biringanya, akaondoka akiwa amefura kwa aibu. Duma akaleta kidogo, akisema tumbo limemfunga tangu aanze kunde. Mbweha naye hivyo hivyo, za kijani na maganda ya karanga. Ngiri akatingisha kichwa kwa kuridhika.

Ndipo akaingia Fisi kwa mwendo wa maarusi, mabegani ana mti wenye vikapu viwili vimefunikwa. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha Simba, na aliagizwa akiweke kando, mahali pa heshima. Lakini Fisi aliyatazama malundo ya wengine, akatazama kikapu chake, na tamaa ikamwambia kwamba lundo kubwa ni bora kuliko kubwa kiasi. Kwani samadi ina jina la mtu?

"Yote ya juzi na jana!" alitangaza. "Sijachanganya hata punje ya zamani. Kazi ya mboga tupu na moyo safi!"

Akavimimina vikapu vyote viwili pamoja, akasogea pembeni kungoja vigelegele.

Vigelegele havikuja. Lile lundo lilikuwa jeupe. Jeupe kama chokaa. Kila mtu wa porini anajua kwamba kinyesi cha Fisi ni cheupe kwa sababu ya mifupa anayoitafuna, isipokuwa Fisi mwenyewe, ambaye alikiona hivyo tangu utotoni akadhani ndivyo kinavyokuwa cha watu wote. Na juu ya weupe ule kulikuwa na kingine, cheusi kizito, chenye manyoya. Upepo mdogo ukapita, unyoya mmoja ukainuka ukaelea ukatua mbele ya Mama Sikitu. Ulikuwa mweusi wenye madoa meupe, na hapakuwa na aliyehitaji kuambiwa ni wa nani.

"Msimamizi," aliuliza Sungura kwa upole, "hii mboga inaitwaje?"

Fisi alitazama malundo ya kijani, akatazama la kwake, hiyo ikiwa mara yake ya kwanza maishani kulinganisha.

"Ni... ni muhogo," alisema. "Muhogo ni mweupe."

"Na muhogo siku hizi una manyoya?"

"Hizo za manyoya si zangu!" Fisi alipiga kelele akirudi kinyumenyume. "Ni za Mzee! Nilichanganya tu! Muulizeni mwenyewe!"

 Simba alisimama juu ya jiwe lake, manyoya ya shingo yamemsimama. Akamkazia macho Fisi, na kila mtu aliona kwamba anataka kummaliza pale pale kabla hajasema la pili.

"Mle," alisema Ngiri kwa sauti tulivu. "Mle, Mzee. Kisha ukajichimbie maji."

Simba akabaki na mguu mmoja hewani. Halafu akauteremsha.

"Mimi nilidhani ni uyoga," alisema.

"Mzee," alisema Sungura, "hukuyaona manyoya?"

 Ngiri tayari alikuwa amewapa mgongo na ameanza kuondoka, na wenye kwato wakaanza kujipanga nyuma yake. Hapo ndipo Mama Sikitu alipovunja agizo la kunyamaza. Aliingia katikati ya uwanja, mnyama asiyefika hata goti la Simba, akasimama mbele ya yale meno.

"Leo hii Fisi alikuwa aje kumchukua mwanangu," alisema. "Jioni angekuletea amefungwa kwenye majani. Ungegeuka ukaupa umma mgongo. Ungekula, Mzee, na kesho ungeniangalia usoni ukasema ulikuwa uyoga."

Simba alizoea kuogopwa, na alizoea kuchukiwa pia. Hayo yote aliyaona ni sehemu ya ufalme. Lakini hakuwahi kusemwa mambo yake yalivyo hasa, tena mbele ya wake zake. Akatazama chini. Hapo chini palikuwa na lile lundo, akatazama pembeni.

"Ni kweli," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilijua tangu furushi la kwanza."

Mama Sikitu akamgeukia Ngiri. "Kaka, usiende. Ng'ambo ya vilima nako kuna simba, na hao hatujui wanakula nini. Huyu sasa tunajua. Kuanzia leo, kila mwenye meno apite bustanini kabla hajapewa maji, mchana kweupe, na kila mtu aone alichoacha. Aliyeacha cheupe au cha manyoya, asinywe."

 Ngiri akarudi, akapiga magoti, akaongeza kina cha kisima.

Fisi alidhani atauawa, akaanza kulia. Ila Sungura alisema ahadi ni ahadi. Fisi ameleta nyingi kuliko wote, hilo halina ubishi, na cheo chake kipo. Wakamtawaza pale pale kuwa Mkuu wa Bustani, na kazi ya Mkuu wa Bustani ni kuzoa samadi ya nchi nzima kila asubuhi na kuibeba mgongoni. Bustani yenyewe wakaifungua kwa wote. Jiko la Sungura likafungwa, na yeye akapewa jembe. Alilalamika sana, maana kulima cha kwako ni kazi kuliko kuvuna cha wenzako.

Ugavi wa majani wakamkabidhi Mama Sikitu. Simba alikuwa anakuja kupanga mstari kama wengine, bila mapaja wala maini, wala mung'unye wa kukimbiza. Siku za kwanza alikuja na kiburi chake chote.

"Leo kuna nini?"

"Majani ya kunde, Mzee."

"Na kesho?"

"Majani ya kunde."

"Yamenichosha."

"Mimi nimeyala tangu nizaliwe," alisema Mama Sikitu akimpimia fungu lake, "na sijawahi kumla mtoto wa mtu kwa sababu nimechoka majani."

Simba akala.

Siku zikaenda. Maziwa yalimrudia Mama Sikitu, uvimbe wa mguu wa Sikitu ukanywea, mtoto akaanza kuchechemea, kisha kutembea, kisha kurukaruka kandokando ya mama yake pale bustanini. Asubuhi moja mawingu yalikusanyika juu ya vilima na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Wenye kwato wakainua vichwa. Simba, aliyekuwa kwenye mstari, akainua kichwa naye.

"Mvua ikinyesha kiapo kinakwisha," alisema.

"Kinakwisha, Mzee."

"Nitaanza tena kuwinda. Ndivyo nilivyo."

"Najua. Na sisi tutakimbia. Ndivyo tulivyo." Mama Sikitu alimvuta binti yake karibu, akamtazama Simba bila kusogea nyuma. "Ila siku utakayonipata, sema umekula nyama. Usinile halafu ukausingizia uyoga."

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Mama Sikitu akamaliza kumpimia fungu lake, akamwita mwanawe, na wote wawili wakaondoka mbio.